Mbuzi wa Kutembea Naye

Kwetu Mungaa mtu hatembei hivi hivi. Mtu anakwenda: shambani, kisimani, kanisani, msibani, au anamfuata ng'ombe aliyepotea. Ukikutana na mtu njiani asubuhi, hana jembe, hana ndoo, hana fimbo, jua ana matatizo, na ni wajibu wako kuyajua.

Mimi hilo nilikuwa nimelisahau. Naishi Singida mjini, kazi yangu ni ya kukaa, na tangu daktari alipokitazama kitambi changu akatikisa kichwa, kila asubuhi natembea. Nikaipenda starehe hiyo mpaka mke wangu akawa anasema nimeoa mke wa pili, jina lake Barabara. Krismasi ile tulipofunga safari na watoto kwenda kwa baba, traksuti na raba zangu nyeupe ndizo zilizotangulia kuingia kwenye begi.

Ila safari hiyo nilikuwa na langu moyoni. Baba alikuwa amemwachia mdogo wangu ng'ombe wote kwa sababu ya goti, na tangu siku hiyo akakaa. Sisemi alipumzika. Alikaa! Kiti mlangoni, fimbo yake ya kuchungia imeegemezwa ukutani, chakula anaonja tu, maneno hana. Hospitali walimwambia goti linataka mazoezi, akawajibu goti ni lake. Mdogo wangu alinipigia simu: "Kaka, mzee anatuishia hivi hivi tunamwona." Niliogopa, sifichi.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nikamwambia, "Baba, twende tukatembee."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tunanyoosha miguu tu, halafu tunarudi."

Akanitazama kuanzia raba hadi kofia. "Mwezi wa kulima huu. Nenda mwenyewe ukachekwe."

Nikaenda. Sijamaliza hata shamba la jirani, mama mmoja akasimamisha jembe. "Wamepotea wangapi?" Nikamwambia hakuna ng'ombe aliyepotea, natembea tu. Akanionea huruma waziwazi. Mbele nikamwamkia mzee mmoja, shikamoo, akaitikia marahaba na papo hapo akauliza msiba uko wapi. Nikamweleza kwamba nafika kule kwenye mawe makubwa kisha narudi. "Kule umesahau nini?" Jamani! Kijana wa bodaboda akasimama kando yangu, nikakataa kupanda, akashusha sauti: "Panda tu bro, hata kama huna kitu." Mpaka narudi nyumbani, kijiji kizima kilishajua nimefukuzwa kazi.

Kesho yake nikatoka tena, maana mimi nami ni mbishi, nimerithi. Siku hiyo wakaamua kunisaidia. Jioni tukaona wanaume wanaingia uani na mbwa wao, wametapakaa matope, wanaswaga mtamba mweusi. "Tumempata!" wakasema. "Mwanao anaona aibu kusema, mzee, lakini tumempata kule nyuma ya mawe."

Hatujapata kuwa na mtamba mweusi. Kabla sijafungua mdomo, mwenye mtamba akafika, anahema, panga mkononi, anauliza ni nani huyo anayeiba ng'ombe mchana kweupe. Baba ikabidi ainuke kwenye kiti, aombe radhi, awape wote uji, awaelezee watu wazima kwamba mwanawe hajapoteza kitu, ila huwa anatembea. Nilitamani ardhi ipasuke. Walipoondoka akanigeukia. Maneno aliyokuwa hana siku zote yalirudi yote kwa mkupuo.

"Nimechunga tangu sina meno ya mbele, sijawahi kufuatwa nyumbani na mwenye ng'ombe! Wewe umekuja juzi na viatu vyeupe kama mchele!"

Mke wangu alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

Asubuhi yake nilipofungua mlango nikamkuta baba uani, amesimama. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kamba, na mwisho wa kamba mbuzi wetu wa Krismasi.

"Shika huyu," akasema. "Ukiulizwa, unampeleka malishoni. Twende, nisije nikaletewa fahali wa watu."

Ajabu ya Mungu, hakuna aliyetuuliza. Yule mama wa jembe alitusalimia akaendelea na kazi yake, na mzee wa msiba akamsifia mbuzi. Baba alitangulia, mwanzoni anachechemea na kulaani goti, halafu akasahau kulaani. Akaanza kunionyesha: hapa alipigana na fisi, pale alimwona mama yangu mara ya kwanza akajifanya anatafuta ndama. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nyasi zilikuwa zimejaa pale mlangoni kwetu, lakini mbuzi tulimpeleka hadi kwenye mawe na kurudi, na kesho yake hivyo hivyo.

Mkesha wa Krismasi mdogo wangu akawa ananoa kisu. Baba akamwuliza kisu ni cha nini.

"Cha mbuzi, baba."

"Huyu ana kazi."

"Kazi gani, baba?" mke wangu akauliza.

Baba akanitazama, mimi nikatazama raba zangu. Krismasi ile tulikula jogoo mmoja, ukoo mzima. Wanangu walipata shingo na wananidai mpaka leo.

Tukarudi mjini. Mdogo wangu akipiga simu sasa analalamika: mbuzi amekonda kwa kutembezwa, mzee ndiye ananenepa, na akirudi anadai ugali wa pili. Nashukuru Mungu, namwambia akae kimya amwache.

Baba mwenyewe simu haipendi. Katika maisha yake hajawahi kuniambia kwamba ananikumbuka, na mimi sijawahi kumtegemea aseme. Lakini juzi alimnyang'anya mdogo wangu simu akapiga kelele kama yuko ng'ambo ya bonde.

"Wewe! Huyu mbuzi anakuulizia."

"Mwambie Pasaka nakuja, baba."

Nikasikia mbuzi analia karibu naye.

"Anasema Pasaka ni mbali."