Kodi ya Mtu Mwingine

Miaka ile soko lilipofunguliwa, kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi kilitoka mikononi mwa ushirika kikanunuliwa na kampuni binafsi. Mimi nilikuwa karani kwenye mzani. Katikati ya msimu karani wa mishahara akaacha kazi, nikaambiwa nishike nafasi yake.

Siku ya kwanza ya kulipa alikuja dirishani fundi mmoja wa mashine, mzee wa kijiji cha Nkoma, ndevu zimejaa manyoya ya pamba kama mtu aliyenyeshewa na mvua nyeupe. Alikuwa na mashine zile tangu enzi za ushirika.

"Mwangaluka mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka baba. Karibu."

Nilimpa bahasha. Aliifungua, akaangalia ndani, akatabasamu kwa uchungu. "Serikali bado inanipenda sana," akasema. "Kila mwezi inachukua kodi kubwa kuliko ninachobaki nacho."

Nikamuuliza kama aliwahi kulalamika. Alilalamika. Aliambiwa kodi imepanda, ndiyo mambo ya soko huria. Siku hizo jibu lilikuwa hilo hilo kwa kila kitu: bei ya pamba ikianguka, soko huria, dawa zikikosekana zahanati, soko huria. Naye alikubali. Muhula wa shule ulipofunguliwa akauza maksai mmoja wa kulimia, ili binti yake arudi sekondari kule Maswa.

Alipoondoka nikafungua faili la fomu za kodi zilizokuwa zinatayarishwa makao makuu Mwanza. Hapakuwa na fumbo lolote. Kwenye orodha, jina lake lilikuwa chini ya jina la mkuu wa ununuzi, yule bwana aliyekuwa anazunguka vijijini na gari la kampuni. Aliyechapa alikosea mstari. Kodi ya mkuu wa ununuzi ilikuwa inakatwa kwa mzee, na kodi ndogo ya mzee inakatwa kwa mkuu wa ununuzi. Ilikuwa hivyo tangu msimu ufunguliwe.

Kosa la kuchapa sikulionea hasira. Kilichonichoma kilikuja nilipomfuata mkuu wa ununuzi nikamwonyesha.

"Aa, nililiona hilo," akasema huku anafuta miwani yake. "Nilidhani mmenipunguzia."

"Ukanyamaza?"

"Sasa ulitaka nikimbie ofisini kuomba nikatwe zaidi? Wewe mama vipi?" Akacheka kabisa.

Nilipanda kwa meneja na lile faili. Meneja alisikiliza, akakubali kwamba lirekebishwe, akajaza fomu ya marekebisho kwa mkono wake. Palipoulizwa sababu ya kosa akaandika: mfanyakazi alitoa taarifa zisizo sahihi.

"Bosi, mfanyakazi yupi?"

"Huyo mzee. Tukiandika kwamba ni kosa la kampuni watatupiga faini. Mpelekee asaini, atarudishiwa hela zake, yaishe."

Nikaipeleka ile fomu mashineni. Mzee alinawa mikono kwanza, akaisoma polepole akifuatisha kwa kidole, akarudia ule mstari.

"Mimi nilitoa taarifa gani, mayu?"

"Hukutoa yoyote, baba."

"Basi sisaini."

"Bila sahihi hela hazirudi."

"Zisirudi. Nimeuza ng'ombe nikanyamaza. Leo niandike kwamba mimi ni mwongo, hiyo karatasi ikakae serikalini na jina langu?"

Alinirudishia kalamu. Wenzake walikuwa wamesikia kila neno.

Nilimrudishia meneja fomu mezani nikamwambia mimi pia siwezi kuipeleka ikiwa hivyo. Akaniuliza kama najua ni watu wangapi wanakitamani kiti changu. Nilijua. Nilirudi nyumbani sikula.

Asubuhi mashine hazikuwashwa. Hakuna aliyepiga kelele wala kuimba. Mafundi walikaa kwenye marobota wakiwa wamevaa nguo zao za kazi. Malori ya pamba kutoka Mwamapalala yakapanga mstari hadi nje ya geti, madereva wanapiga honi. Meneja alitoka, akatukana, akabembeleza, akarudi ndani. Kabla ya saa sita aliniita. Fomu mpya ilikuwa mezani, ameshaisaini yeye, na sababu imeandikwa kwa herufi ndogo kama mchwa: kosa la mwajiri.

Mzee aliisoma, akasaini, mashine zikawashwa, nami nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kodi Shinyanga. Ofisa aliisoma, akagonga muhuri, akasema mambo kama hayo anayaona kila wiki, mengi hayarekebishwi kwa kuwa hakuna anayeuliza. Faini waliyoiogopa ilikuwa ndogo kuliko mafuta ya gari la meneja kwenda Mwanza na kurudi. Kwa faini hiyo walitaka kumfanya mtu mzima mwongo!

Mkuu wa ununuzi alikatwa kidogo kidogo hadi deni likaisha, na salamu yangu akaacha kuiitikia. Mzee alirudishiwa haki yake yote. Lakini bei ya ng'ombe ilikuwa imepanda, akapata njeku tu, dume mdogo asiyejua bado hata kuvuta jembe.

Msimu uliofuata orodha ya mafundi ilishuka kutoka juu bila jina lake. Nilimuuliza meneja. "Mwaka huu tunataka vijana," akajibu, bila kuinua macho.

Sikutaka mzee aje kuambiwa getini mbele ya watu. Nilidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, nikamkuta kwake Nkoma anaezeka zizi. Mkewe akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilianza kumweleza, nikashindwa, machozi yakanitoka kwa hasira.

"Wameniacha," akasema yeye.

"Ndiyo, baba."

Akaniuliza kama lori litanisubiri au itabidi nilale. Akanisindikiza hadi barabarani, na njia nzima alinieleza habari za binti yake, kwamba anataka kusomea uuguzi.

Watu huniambia ni mambo ya zamani, niyaache. Yule meneja aliagwa kwa sherehe na zawadi ya friji, na mchango wangu ulikatwa kwenye mshahara bila mimi kuulizwa. Siyaachi.