Kitanda cha Wageni

"Nikirudi Moldova narudi kuishi, si kutembea!" Ndivyo Eudochia alivyotamba kwenye sikukuu ya kijiji chetu, kabla ya kwenda Italia kutunza vikongwe wa watu.

Miaka ikapita, akarudi kweli, na kutwa nzima hakuketi. Mara alaumu maji ya kisima, mara matope ya barabarani.

"Tulia basi, mwanangu," mama yake akamwambia. "Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Mama, kule daktari anakufuata mpaka nyumbani!"

"Na nyanya za huko je?"

"Kama kutafuna karatasi," akakiri, huku akiing'ata ya tatu.

Jioni mama akamtandikia kwenye chumba kikubwa, chenye mazulia ukutani. Kwetu mwenye nyumba halali humo hata akiugua; ni cha wageni. Eudochia akagoma mlangoni.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Nilikigawa, mwanangu. Nilijua umezoea pazuri."

Akalala humo. Alfajiri alikuwa kituoni, anaulizia basi la Bologna, kule Italia. Nauli ni euro tisini.