Bi Harusi Asiyemjua Bwana Harusi

Miaka ya tisini nilikuwa nikipaka hina nyumbani kwetu Kisauni, ukumbini, juu ya mkeka. Niliishi na mavyaa wangu, mamake mume wangu, mwanamke wa maneno makali ambaye kila jambo jipya alilikataa kwanza, kisha ndipo akalifikiria. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole, alipokuja kunialika darasani, mavyaa alicheka waziwazi.

"Wapaka hina wasomeshwe nini? Kuchekecha majani?"

Nikavuka feri nikaenda. Darasa lilikuwa katika chumba cha madrasa huko Likoni. Nilikuta wapaka hina wenzangu, wasusi, na mwanamume mmoja wa Changamwe aliyekuwa akiwachora tatoo mabaharia na madereva wa malori. Tulimtazama kwa pembe ya jicho, naye akakaa mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Nyinyi mwamshika mtu mkono saa nzima," afisa alituambia. "Nani mwengine afanyaye hivyo? Kuna wasichana wanaahidiwa kazi ng'ambo, wakifika huko wanauzwa. Baadhi yao wanapita kwenu kabla ya kusafirishwa."

Akatufundisha tumtazame msichana anayejibiwa maswali na mtu mwengine, asiyejua anakokwenda, ambaye pasipoti yake iko mkobani mwa mwenziwe. Tusigombane na aliyemleta. Tutafute nafasi ya kuzungumza naye faragha, kisha tupeleke habari kwa afisa mwenyewe au kituo cha polisi.

Yule wa Changamwe akanyanyua mkono. "Kuna bwana aliniletea wasichana niwachore wote alama moja begani. Hawakusema neno. Nikadhani ni mambo ya mapenzi."

"Ilikuwa alama ya kuonyesha ni mali ya nani," afisa akamjibu taratibu.

Tangu hapo hakuna aliyemtazama vibaya, na baadaye yeye mwenyewe alikuja kuwa mpelekaji habari hodari kutushinda sote.

Miezi ikapita. Alasiri moja mwanamke aliyevaa vizuri, ananukia udi, aliniletea msichana wa kutoka bara ya Kilifi. Alitaka hina ya bi harusi, mikono na miguu.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia msichana. "Harusi lini?"

"Ijumaa, inshallah," akajibu yule mwanamke.

"Na bwana harusi ni wa wapi?"

"Yuko Arabuni. Anamfuata huko."

Msichana alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa baridi, na joto lote lile la Kisauni! Nikaanza na miguu, makusudi, kwa sababu mwenye hina mbichi nyayoni haendi popote. Nikachora maua madogo madogo, nikapandisha mpaka kwenye muundi. Yule mwanamke alichoka kungoja, akasema anakwenda dukani kupiga simu.

Alipotoka tu nikamwinamia msichana. "Mwanangu, huyo bwana harusi unamjua?"

Machozi yakamtoka. "Simjui. Niliambiwa naenda kushona nguo. Leo ndiyo naambiwa nijifanye bi harusi, ati wakiona hina uwanja wa ndege hawataniuliza mengi. Wenzangu wamefungiwa nyumba moja Miritini."

Mavyaa alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Sikuwahi kumwona mwanamke wa umri ule akivaa buibui haraka vile. "Wewe chora," akaninong'oneza. "Usimalize!" Akatoka kwa mlango wa uani.

Yule mwanamke akarudi. "Bado tu?"

"Bi harusi haendi kwa mume na ua nusu, bibi. Tumefika mikononi."

Nikachora. Nikachora mpaka kwenye viwiko, nikarudia majani niliyokwisha kuyajaza. Akaanza kufoka, akamshika msichana bega amwinue. Nikamzuia kwa mwili wangu, huku hina ikinimwagikia nguoni.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mavyaa, mlango wa mbele. Nyuma yake alisimama afisa, na askari wawili, mmoja mwanamke.

Pasipoti ya msichana ilitoka mkobani mwa yule mwanamke, pamoja na nyengine zisizo zake. Magharibi haijaingia, nyumba ya Miritini ilikuwa imefunguliwa na wasichana wote wako nje, wazima. Baadaye nilisimama mahakamani nikatoa ushahidi, na yule mwanamke akafungwa, yeye na wenziwe.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile iliyofuata siku ya hina, kituoni. Mama wa msichana alifika na basi la asubuhi, leso imemlegea kiunoni, anaita jina la mwanawe tangu getini. Msichana akatoka mbio, maua yamemkolea mekundu mpaka viwikoni. Mamake akambeba mzimamzima, mtu mzima yule, kama mtoto mchanga. Kisha akapiga kigelegele. Wasichana wa Miritini wakaitikia, na mimi nikaitikia, na yule askari wa kike, kofia yake mkononi, akapiga kirefu kutupita sote.