Mnara wa Averyan

Averyan Chebotov aliulinda mto Tereki miaka ishirini na miwili. Serikali ilimpa mpaka wa kulinda. Farasi, upanga, bunduki na viatu alijitafutia mwenyewe. Ndivyo tulivyotumikia sisi Wakosaki, na hatukuona ajabu. Siku hizo moto ukiwashwa juu ya mnara wa lindo, kijiji kizima kilikuwa juu ya farasi kabla uji haujachemka.

Kisha vita vikaisha. Mpaka ukahamia milimani, na Wachecheni wa ng'ambo, maadui zetu wa jana, wakaanza kuvuka mchana kweupe kutuuzia matikiti. Averyan na mzee mwenzake, Prokhor, waliendelea kupokezana lindo. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewakataza. Masika moja Prokhor akafariki nyumbani, Averyan akiwa juu ya mnara akimsubiri.

Hapo hapo Lukyan, mkuu wa kijiji, akazitaka mbao za mnara ajengee bafu la mvuke.

"Shuka, mzee! Mashoka yanasubiri."

"Sijapokewa zamu."

Lilikuwa jambo zito. Mlinzi anayeshuka bila kupokewa ni mtoro, na Averyan hakuwa tayari kuzikwa mtoro kwa ajili ya bafu. Mkwewe akawa anampandishia mkate kwa kamba. Lukyan akamtuma kijana ampokee, naye akasema, "Babu, twende, supu inapoa." Averyan akamrudisha: hayo si maneno ya kupokezana zamu. Na kumfundisha hakutaka; maneno ya lindo hapewi anayeuliza.

Aliyetuokoa ni Elmurza, Mchecheni muuza matikiti. Alipanda taratibu, magoti yakilalamika, akasimama wima.

"Mto nimeuona, matete nimeyaona, zamu yako naibeba. Shuka, ndugu."

Averyan akamkodolea macho. "Umeyatoa wapi, mwizi wa farasi wewe?"

"Kwenye matete yenu. Nimelala pale nikiwavizia ujana wangu wote. Mlikuwa mnapokezana kwa kelele kama mko harusini."

"Mbona hukunipiga risasi?"

"Nilijaribu. Ulikuwa unajikuna mno."

Averyan akapiga saluti, akashuka. Lukyan akampa kikombe cha divai, akakinywa akiwa bado amesimama wima.

Elmurza alikawia juu, akiutazama upande wa kwao, ng'ambo ya mto. Aliposhuka hakuwa na utani tena.

"Kumbe kutoka pale mlikuwa mnaona mpaka uani kwa marehemu mama yangu."

"Kila asubuhi," Averyan akasema. "Alikuwa anaamka kabla yenu wote. Prokhor alikuwa anamvulia kofia."

Lukyan akainua shoka, akatutazama, akalishusha. Siku hiyo hakuna aliyekata kitu.