Nyuzi za Manjano Kwenye Lusani ya Kogo

Juzi nilirudi kwetu, upande wa Kapkatet, na kabla sijasalimia mtu nikaona nyuzi za manjano zimetanda juu ya ua wa miti wa boma letu. Rafiki yangu, hata hamu ya chai iliisha.

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa na kishamba cha lusani, yale majani ya ng'ombe yenye maua ya zambarau, nyuma ya jikoni. Kilikuwa kama kitanda kwa ukubwa, lakini ng'ombe aliyelishwa pale alitoa maziwa ya kuogelea. Asubuhi nilisikia panga likikata, nikanusa kibuyu kikisuguliwa kwa makaa, nikajua mursik, yale maziwa yetu ya mgando, ipo. Ila ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani, ameletwa kwa desturi ya kimanagan: unamtunzia rafiki ng'ombe wake, unakunywa maziwa, na akikonda anarudi kwa mwenyewe.

Mvua ilipopungua mwaka mmoja, uzi wa manjano ukatokea kwenye lusani. Haukuwa na jani wala kijani hata chembe. Leo umezunguka shina moja, kesho shamba zima. Jirani alikuja kumwona ng'ombe wake, akacheka.

"Mama, shamba yako imeota nywele ya mzungu."

"Cheka tu," Kogo akasema. "Mimi natafuta mzizi. Hakuna kitu haina mzizi."

Tukachimba. Nakuambia tulichimba mpaka nikadhani tutawasalimia watu wa upande wa pili wa dunia. Mzizi hakuna. Uzi ulikuwa umeng'ata shina la lusani, unanyonya kama kupe. Kogo akauvuta wote, akaufanyia alivyofanyia magugu yote: akautupa juu ya ua ukauke.

Haukukauka. Ulishika ua, ukanenepa, ukachanua vijiua vyeupe, kisha ukateremka tena shambani. Lusani ikanyauka. Mbavu za ng'ombe zikaanza kuonekana. Jirani hakugombana. Alikuja na kamba.

"Mama, wacha ng'ombe ikupumzishe kidogo."

Kogo mwenyewe ndiye aliyefunga ile kamba. Jioni alisugua kibuyu kwa makaa kama kawaida, akakitundika kitupu.

Nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, mwalimu aliuchora mmea ule ubaoni. Ukishashika mwenzake, alisema, hauhitaji udongo tena, na kila kipande kinaota upya. Dawa ni kuukata pamoja na majani uliyoyashika, kisha kuchoma. Mimi, ninayechekesha darasa zima, siku hiyo niliinamia daftari nikichora ua wa Kogo, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Sasa Kogo hayupo. Lusani haipo, jirani alihama, kibuyu sijui kiko wapi. Juzi nilisimama pale kwenye ua, nikaufuata uzi kwa kidole, tawi hadi tawi, nikitafuta unapoingia ardhini. Najua hauingii. Nilitafuta tu.