Mbunge Aliyeachwa Mlangoni

Mtakaosoma, nivumilieni kwanza. Mwandiko wangu umelala upande na herufi nyingine huenda zimepotea, maana niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Hata hivyo kuandika ndiyo kazi niliyoifanya Maskati, na nimeshaistaafu nikiwa bado kijana.

Nililetwa Wattaya, mtaa mmoja wa Maskati, kufanya usafi nyumbani kwa Maalim, mwalimu wa historia mstaafu, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Siku ya kwanza alinisikia napangusa meza, akauliza kama najua kuandika. Nikamwambia najua, ila polepole.

"Basi wewe ndiye nnayemtaka," akasema. "Waliotangulia walikuwa wepesi, wakaniandikia yao."

Binti yake, tuliyemwita Bi Mkubwa, akacheka. "Huyu? Mpaka amalize ukurasa, Baba, huyo Mngereza wako unayemwandika atakuwa keshafufuka."

"Na afufuke, anisaidie."

Kazi ile ni imla: mmoja anasema, mwingine anaandika vilevile. Unaacha pambizo pana, ile nafasi tupu ya kando, ili masahihisho yapate pa kukaa. Humkatizi msemaji kwa swali. Alasiri unamsomea ulichoandika, naye anainua kidole pale neno lisipokaa vizuri.

Tulikuwa tukiandika maisha ya mbunge mmoja wa Uingereza, wa karne ya kumi na saba. Maalim alimsoma tangu ujanani, akataka watu wetu wamjue kwa Kiswahili. Mbunge huyo alimpinga mfalme aliyetoza kodi bila idhini ya Bunge, akafungwa. Vita vilipozuka, ndugu yake wa tumbo moja alikwenda upande wa mfalme. Mfalme aliposhindwa, mbunge akataka Bunge lipatane naye. Asubuhi moja akawakuta askari wa upande wake mwenyewe wamesimama mlangoni mwa Bunge, wakamzuia kuingia.

Tulimwita Mbunge, basi. Nilipouliza jina, baada ya imla, Maalim alisema, "Ntakupa siku tutakayomzika humu kitabuni. Kwetu maiti huitwa kaburini kwa jina lake na la mama yake. Mwache kwanza aishi."

Mimi ni Mkristo wa Singida, desturi hiyo sikuijua. Kwa heshima sikuuliza tena.

Maalim akaanza kudhoofika. Sauti ilishuka hata nikawa nasogeza kiti karibu na mto wake. Bi Mkubwa aliacha mizaha. Alikuja na maji, akamwomba amzike huyo mtu leo, apumzike.

"Mtu hazikwi kwa pupa," Maalim akamjibu. Kisha akanigeukia. "Andika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakurudi nyuma." Akapumua kwa muda. "Basi, mwanangu. Tumwache hapo, asiondoke. Kesho."

Usiku ule alipelekwa hospitali, na hakurudi.

Matanga yalipokwisha nilimwuliza Bi Mkubwa jina la Mbunge. Hakulijua. Vitabu vya Kiingereza vya baba yake viligawiwa zamani, macho yalipokufa. "Miaka yote namsikia humu ndani," akasema, "nikamfanyia mzaha tu. Sikumwuliza hata mara moja." Akanipa karatasi zote. Alisema hawezi kuzisoma, kila mstari anamsikia baba yake akikohoa.

Sasa nafanya usafi kwa jamaa zao Qurayyat, mji wa pwani. Ni watu wema, lakini hapana anayehitaji imla. Mchana nyumba ikitulia, najisomea kwa sauti mpaka pale mlangoni mwa Bunge, halafu nanyamaza. Hakuna kidole kinachoinuka. Kazi ya kuandika maneno ya mtu mwingine ina huzuni hii: akinyamaza yeye, nawe huna la kuandika.

Ikiwa yupo kati yenu anayemjua Mwingereza huyo, aliyekuwa na ndugu upande wa mfalme na akazuiwa na askari wa upande wake, tafadhali niandikieni. Niambieni alikwenda wapi baada ya mlango ule, na kalala wapi. Niambieni jina lake, na la mama yake mkilipata. Ukurasa wa mwisho nimeuacha mtupu, na pambizo nimeiacha pana.