Gari la Hirsi na Nchi Iliyo Nyuma ya Ngong

Kutoka paa la ghorofa yetu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, ukiwa unaanika nguo asubuhi ambayo moshi bado haujaamka, unaviona vilele vya milima ya Ngong vimejipanga upande wa machweo kama vifundo vya ngumi. Nimevihesabu mara mbili na mara zote mbili nimepata idadi tofauti. Nimeanika nguo pale miaka mingi, na swali langu halijabadilika: nyuma ya ngumi ile kuna nini? Wenzangu wana hamu ya Dubai. Mimi nauza ndoo na mabeseni kwa jumla. Nazichukua kwenye viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, nazisambaza mpaka Mathare, na maisha yangu yote yameenda kati ya lami na lami. Nilitaka kabla sijazeeka niende mahali ambapo barabara inaisha nami bado naendelea.

Mke wangu, Mama Linet, hakunicheka. Aliweka sharti.

"Akiba ni yetu sote wawili," alisema huku akikunja shuka. "Tafuta gari la hiyo porini yako. Twende tulijaribu kwanza. Likitupeleka nyuma ya Ngong na kuturudisha hapa bila kuvutwa kwa kamba, nunua. Likivutwa, Baba Linet, ile pesa inajenga jiko nyumbani Vihiga, na sitaki kusikia habari za milima tena."

Nikaanza kutafuta.

Kule Baba Dogo nilionyeshwa gari fupi la kijani. Mwenyewe alilipiga kofi kwenye boneti kama anayesifia fahali. "Hii inapanda hata ukuta, boss."

"Ulipanda ukuta gani?"

"Aah, ni kusema tu."

Nikaenda zangu. Hapa Tena kwenyewe kulikuwa na lingine, refu, limeinuliwa mpaka unahitaji kigoda kulipanda, na taa juu ya paa kama ukumbi wa harusi. Nikamuuliza kijana mwenye gari kama limewahi kutoka nje ya lami. Alinitazama kwa huruma. "Na ichafuke, mzae?"

La tatu lilikuwa Land Cruiser la Hirsi. Hirsi ni mfanyabiashara wa mashuka na mapazia Eastleigh, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina na sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. Mimi ananiita Bwana Ndoo. Gari lake lilikuwa la rangi ya mchanga, la zamani, chuma kitupu. Nililala chini yake juu ya katoni nikatazama kila kitu. Hakuna oili iliyovuja, hakuna kutu, springi zote nzima. Nikainuka, nikapumua, nikalala chini nikatazama tena.

Lakini kilichonimaliza ni jinsi lilivyolindwa. Vioo vya pembeni vilikuwa vimebanwa kwa chuma. Taa zilikuwa ndani ya vizimba. Nambari ya gari ilichorwa kwenye kila kioo. Betri ilikuwa na kufuli. Na gurudumu la akiba, lile la mlango wa nyuma, Hirsi alikuwa ameliwekea nondo nne zilizopishana na kuchomelewa kwenye fremu yake.

"Waliniibia la kwanza," alisema. "La pili waliniibia nikiwa msikitini. Hili la tatu nikamwambia fundi, funga mpaka malaika mwenyewe ashindwe."

Nikazigonga zile nondo. Nne. Nikazihesabu tena, nne. "Hapa umefanya kazi," nikamwambia kwa dhati, maana mimi ni mtu wa Eastlands, na kwetu gari zuri ni lile linaloamka asubuhi likiwa na viungo vyote.

Tulivutana bei kwa muda wa chai tatu. Nilisimama kuondoka mara mbili, naye mara moja akajifanya amepokea simu. Mwishowe tulipeana mkono, na mkono wa Hirsi, muulize yeyote sokoni, ni mzito kuliko karatasi ya wakili. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Kwenda kujaribu, mimi niko ndani. Gari yangu haiendi bila mimi. Wallahi hata kwa fundi huwa nakaa nayo."

Jumamosi alfajiri, Hirsi alipiga honi chini ya ghorofa akiwa ameshasali. Mama Linet alikaa nyuma na sufuria ya chapati iliyofungwa kwa leso. Kabla jiji halijaziba barabara tulikuwa tumepita Rongai, na jua lilipochomoza tulikuwa Kiserian, tunapanda mgongo wa Ngong kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Pale Corner Baridi upepo ulilisukuma gari kwa bega. Kisha ardhi ikaanguka. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajaiona. Unatoka kwenye maghorofa, unazunguka kona moja, na mbele yako nchi imeshuka chini kabisa, pana, ya rangi ya ngozi ya simba, na milima mingine midogo imekaa humo ndani kama vitu vilivyosahauliwa sakafuni. Hirsi alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Baba Linet," sauti ilitoka nyuma taratibu, "kumbe hii ndiyo ulikuwa unaitafuta juu ya paa."

Nilikuwa na uchungu wa mtu aliyekuwa akikaa jirani na karamu miaka yote bila kuingia.

Tulishuka hadi Magadi, na joto likapanda kadiri tulivyoshuka. Ziwa lilikuwa jeupe na waridi, likinuka magadi kwelikweli, yale yale tunayotilia maharagwe. Tukavuka kwa tuta la katikati ya ziwa, na upande wa pili lami ikaisha. Iliisha hivi hivi, bila kibao wala kwaheri. Hirsi akanipa usukani. Nikatia gia ya kusukuma magurudumu yote manne, gari likanguruma, nami nikaendesha mahali ambapo barabara ni alama tu za waliotangulia. Nilicheka peke yangu kama mgonjwa.

Kabla ya kufika kijiji cha Oloika, jiwe jeusi lilipasua ubavu wa gurudumu la mbele. Tulisikia mlio, kisha gari likachechemea.

"Si neno," nikasema. "Tuna la akiba."

Tukazunguka wote watatu hadi nyuma. Tukalitazama gurudumu la akiba. Lilikuwa zima, jipya, limejaa upepo, nyuma ya nondo nne.

Mama Linet ndiye aliyeuliza. "Ufunguo wake uko wapi?"

"Hauna ufunguo, dada," Hirsi alisema. "Nilichomelea."

"Ulichomelea. Na siku ukipata pancha?"

"Eastleigh? Kuna watu wa pancha kila kona!"

Mama Linet akanigeukia. "Na wewe uliyelala chini ya gari mara mbili?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilizihesabu zile nondo na kuzisifu? Niliona jiko la Vihiga likiinuka tofali kwa tofali mbele ya macho yangu, na paa lake limeshaezekwa.

Mbele kidogo kulikuwa na duka la mabati na boma pembeni yake. Mwenye duka, mama mmoja mrefu aitwaye Nasieku, alikuja na watoto wawili wakimfuata. Alituamkia, akasikiliza kisa chetu, akazunguka nyuma ya gari kujionea. Akazishika zile nondo, akazitikisa.

"Hii mmefungia nani?"

"Wezi," Hirsi akasema.

"Wezi wa gurudumu?" Alicheka mpaka akashika ukuta wa duka. "Hapa hata fisi hataki gurudumu." Aliwatafsiria watoto kwa Kimaasai, nao wakacheka pia.

"Kuna gari la kutuvuta?" nikauliza kwa sauti ndogo, Mama Linet asisikie. Alisikia.

"Gari hakuna. Lakini kwa nini mvutwe? Msumeno wa chuma upo, wa mambo ya bomba la maji." Akaenda kuuleta.

Tukaanza kukata. Mimi nilikata, Hirsi akakata, Mama Linet akatuona tunavyokata akatunyang'anya. Fundi wa Eastleigh alikuwa mtu mwaminifu, Mungu amsamehe. Nondo zake zilikuwa nene. Jua lilituhama kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na kengele za mbuzi zilipita, zikarudi. Nondo ya tatu ilipoanguka, Nasieku alituita kivulini akatumiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu.

Yalikuwa na harufu ya moshi. Mimi nilikunja uso kidogo kwa ugeni. Hirsi alikunywa, akasimamisha kikombe hewani.

"Mnafukiza kibuyu," alisema.

"Kwa kaa la mti," Nasieku alijibu. "Bila hivyo maziwa si maziwa."

"Mama yangu alifukiza hivi. Vyombo vya maziwa ya ngamia." Akanywa tena, polepole, macho ameyafumba. Mtu huyu ambaye sauti yake husikika ng'ambo ya barabara aliongea kama yuko peke yake. "Kuna visima kule Wajir, nje kabisa ya mji. Baba yangu alikuwa ananywesha ngamia pale. Nilitoka nikiwa mdogo. Basi la abiria hufika mjini, halifiki visimani. Nilinunua hii gari ndiyo nifike. Halafu duka, halafu duka la pili." Akalitazama gari lake. "Halafu nikalifunga lisiibiwe."

Tulimaliza kukata jua likiwa limelegea. Gurudumu likaingia mahali pake. Hatukuvutwa na mtu. Tulilala kwa Nasieku, na Jumapili asubuhi Mama Linet alimwachia sufuria yake nzuri kama shukrani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa ndugu yake wa damu.

Kurudi, aliyeendesha ni Hirsi. Tulipofika Corner Baridi aliegesha kando na kuzima injini. Tukashuka kuitazama ile nchi kwa mara ya mwisho. Mama Linet alininong'oneza, "Gari limepita. Lichukue." Nilitaka kumbeba.

Hirsi akauweka ufunguo juu ya boneti.

"Bwana Ndoo. Mkono nilikupa."

"Ulinipa."

"Ukisema leta, huu hapa. Mimi neno langu sirudishi."

Nimeuza na kununua vya kutosha kujua mtu anayeanza hivi anakoelekea. "Sema tu. Bei imepanda?"

"Haijapanda. Imeondoka. Nimeitafuta tangu jana, sina bei tena." Alikuwa anatazama chini kule bondeni. "Lakini mkono nilikupa."

Niliuchukua ufunguo. Ulikuwa na moto wa boneti. Katika biashara sijawahi kuachia kitu nilichokwisha kupatana, na hiki nilikitaka kuliko vyote. Nilijiona niko ndani yake, peke yangu na Mama Linet, tukienda na kwenda. Kisha nikamwona Hirsi akiwa dukani, kati ya mapazia, akisikia mlio wa gari hili likipita barabarani na mtu mwingine.

"Hivyo visima," nikauliza, "ni mbali?"

"Mbali sana."

"Viti viwili," Mama Linet akasema.

Tukamgeukia sote.

"Baba Linet anakuachia gari lako, Hirsi, wewe unampa viti viwili kwenda Wajir. Cha mbele ni changu."

"Dada, hata vitatu!"

"Nimesema viwili. Na usichomelee kitu."

Nikampa ufunguo. Mkono wangu ulikawia kidogo kuuachia, naye aliona.

Sasa majirani huniuliza ni gari gani linafaa porini, kwa kuwa nilienda na kurudi. Nawaambia springi ni muhimu, na chesi, na magurudumu, yote haya ni kweli. Lakini ukikuta mwenye gari anakuuzia gari zuri, muulize kwanza halijampeleka wapi. Mimi nililala chini ya gari mara mbili nisiulize hilo.

Hirsi anasema njia ya visimani haipitiki kukiwa na matope. Mvua za mwaka huu ni nyingi. Mama Linet ameshanunua kofia. Tunangoja.